SOMO LA BIASHARA: Kwa nini klabu za Ulaya huuza vijana wao wenyewe

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusoma bei za korosho, kahawa, dola na hisa. Wiki hii tunatazama soko jingine ambalo wengi wetu hulifuatilia kila mwisho wa juma bila kulihesabu kuwa ni soko: soko la wachezaji wa soka wa Ulaya.

Katika soko hilo ipo kanuni inayolazimisha kila klabu kubwa kuwa na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa nyumbani. Lengo lilikuwa kumlinda kijana anayekulia klabuni asisukumwe nje na fedha za wanunuzi. Hata hivyo, kanuni hiyo imekutana na kanuni za hesabu, na matokeo yake ni kwamba kijana huyo huyo mara nyingi ndiye wa kwanza kuuzwa. Mfanyabiashara yeyote ana jambo la kujifunza hapa, kwa sababu linaonyesha jinsi sheria moja inavyoweza kupandisha bei ya bidhaa, na sheria nyingine ikamlazimisha mwenye bidhaa kuitoa ghalani.

Kanuni ilitoka wapi

Hadi mwaka 1995, timu katika mashindano ya Ulaya iliruhusiwa kuchezesha wageni watatu, pamoja na wengine wawili waliokuwa wamecheza nchini humo kwa miaka mingi. Desemba 15, 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyekuwa akichezea RFC Liège na kuzuiwa kuhamia Dunkerque ya Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mahakama ilisema mambo mawili: mchezaji aliyemaliza mkataba ni huru kuhama bila ada, na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawawezi kuwekewa kikomo kwa sababu ya uraia wao.

Soko likafunguka. Desemba 26, 1999, Chelsea ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kuanza mechi ya ligi na wachezaji kumi na mmoja wote wa kigeni. Februari 14, 2005, Arsenal iliorodhesha wachezaji 16 kwa ajili ya mechi na hapakuwa na Mwingereza hata mmoja.

Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, halikuweza kurudisha kikomo cha uraia. Likatafuta njia nyingine. Badala ya kuuliza mchezaji amezaliwa wapi, likauliza amefundishwa wapi. Kanuni ilipitishwa Aprili 2005 na kuanza kwa hatua: wachezaji wanne msimu wa 2006/07, sita msimu wa 2007/08, na wanane tangu 2008/09. Ligi Kuu ya Uingereza nayo iliweka kanuni yake kuanzia msimu wa 2010/11.

Nani anahesabiwa

Kwa UEFA, mchezaji aliyelelewa nyumbani ni yule aliyesajiliwa kwa misimu mitatu au miezi 36 akiwa na umri kati ya miaka 15 na 21. Wako wa aina mbili. Wa kwanza amelelewa na klabu yenyewe. Wa pili amelelewa na klabu nyingine ya nchi hiyo hiyo. Kwa Ligi Kuu ya Uingereza aina ni moja tu: awe amesajiliwa na klabu yoyote ya Uingereza au Wales kwa misimu mitatu au miezi 36 kabla ya kumaliza msimu anaotimiza miaka 21.

Pasipoti haina kazi hapa. Cesc Fàbregas ni Mhispania, lakini alifika Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Aliporudi Uingereza mwaka 2014 kuichezea Chelsea akitokea Barcelona, alihesabiwa kuwa amelelewa nyumbani. Eric Dier ni Mwingereza na ameichezea timu ya taifa, lakini alikulia Sporting ya Lisbon na kujiunga na Tottenham mwaka 2014. Katika orodha ya Tottenham alichukua nafasi ya wageni.

Kwa hiyo kinachopimwa ni miezi, na miezi hiyo inatakiwa ipatikane katika umri maalumu. Ikishapita haiwezi kununuliwa.

Nafasi 25 za shelfu

Tuchukue mfano wa duka. Shelfu lina nafasi 25. Mwenye soko anasema: nafasi 17 weka bidhaa yoyote utakayo, lakini nafasi nane ni za bidhaa iliyotengenezwa hapa tu. Usipokuwa nayo, nafasi hizo zibaki tupu. Huruhusiwi kuzijaza kwa bidhaa nyingine.

Ndivyo kikosi kilivyo. Katika mashindano ya UEFA orodha kuu ni ya wachezaji 25, na nane ni wa nyumbani. Kati ya hao nane, waliolelewa na klabu nyingine za nchini wasizidi wanne. Klabu yenye wachezaji wawili tu iliowalea yenyewe na wanne waliolelewa na wengine nchini, inapata sita badala ya wanane. Orodha yake inashuka hadi 23. Mechi zikiwa nyingi na majeruhi wakiongezeka, nafasi mbili si kitu kidogo.

Iko njia ya kupumua. UEFA ina orodha ya pili ya vijana wasiozidi miaka 21 waliokaa klabuni angalau miaka miwili mfululizo tangu walipofikisha miaka 15, nayo haina kikomo cha idadi. Ligi Kuu ya Uingereza pia haiwahesabu vijana wa umri huo katika wale 25. Kijana anayejua mpira katika umri huo anaingia kikosini bila kuchukua nafasi ya shelfu.

Hapo ndipo tunapoelewa baadhi ya usajili unaoshangaza washabiki. Scott Carson, golikipa aliyezaliwa mwaka 1985, alikuwa Manchester City kuanzia 2019 hadi 2025. Kwa miaka yote hiyo alicheza mechi mbili tu za mashindano. Golikipa wa tatu ni mtu ambaye klabu huomba asihitajiwe uwanjani. Basi akiwa mtu aliyelelewa Uingereza, anajaza nafasi moja kati ya zile nane, na nafasi ya mgeni inabaki kwa mchezaji atakayecheza. Mshahara wake ni kama kodi ya shelfu.

Bei inayobadilika kwa kuvuka mpaka

Bidhaa ikiwa adimu, bei hupanda. Manchester United ililipa pauni milioni 80 kumchukua Harry Maguire mwaka 2019, fedha nyingi kuliko zilizowahi kulipwa kwa beki hadi wakati huo. Manchester City ililipa pauni milioni 100 kwa Jack Grealish mwaka 2021. Arsenal ililipa pauni milioni 100 na nyongeza ya hadi milioni 5 kwa Declan Rice mwaka 2023. Si haki kusema fedha zote hizo ni kwa ajili ya kanuni. Uwezo wa mchezaji ndio msingi. Lakini mnunuzi wa Uingereza alikuwa akinunua vitu viwili kwa pamoja, mchezaji na nafasi ya shelfu, na muuzaji alilijua hilo.

Tangu Januari 1, 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi tena kusajili vijana wa nje walio chini ya miaka 18. Njia aliyopita Fàbregas imefungwa. Wanaolelewa nyumbani sasa ni wale waliokulia humo nchini, au waliofika wakiwa na miaka 18 na kuanza kuhesabu miezi upesi. Bidhaa imezidi kuwa adimu.

Mfanyabiashara azingatie jambo moja: thamani hii haisafiri. Mason Mount alipokuwa Chelsea, alihesabiwa na UEFA kuwa amelelewa na klabu. Alipohamia Manchester United mwaka 2023 akawa aliyelelewa nchini. Kama angekwenda Ujerumani angekuwa mgeni kama wageni wengine. Mtu ni yule yule na miguu ni ile ile, lakini madaraja ni matatu tofauti. Ni sawa na leseni inayotambulika katika mkoa mmoja tu. Anayeinunua kwa bei ya mkoa huo asitegemee kuiuza bei hiyo kwingine.

Hesabu za vitabuni

Hadi hapa kila kitu kinasema: mtunze kijana wako. Sasa tufungue daftari la mhasibu.

Klabu inaponunua mchezaji, ada yake haiandikwi yote kuwa gharama ya mwaka huo. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kama tunavyokokotoa uchakavu wa lori. Tuseme klabu imemnunua mchezaji kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano. Kila mwaka inaandika gharama ya milioni 10. Baada ya miaka miwili, thamani yake vitabuni ni milioni 30. Akiuzwa kwa milioni 40, faida ni milioni 10 tu.

Kijana aliyekulia klabuni hakununuliwa. Gharama za kumlea, yaani makocha, malazi na chakula, zilikwisha kuandikwa mwaka baada ya mwaka. Thamani yake vitabuni ni sifuri. Akiuzwa kwa milioni 40, faida ni milioni 40 nzima.

Tuendelee na mfano wetu. Klabu imemwuza kijana huyo kwa milioni 40, na siku hiyo hiyo imemnunua mgeni kwa milioni 40 kwa mkataba wa miaka mitano. Mkononi hakuna kilichobaki: milioni 40 imeingia na milioni 40 imetoka. Lakini katika vitabu vya mwaka huo kuna faida ya milioni 40 na gharama ya milioni 8. Klabu inaonekana imepata milioni 32.

Zile milioni 8 zinarudi mwaka wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Faida ilikuja mara moja tu. Atakayetaka kurudia mchezo huo atahitaji kijana mwingine wa kuuza.

Juni 30

Kwa nini klabu zijali kiasi hicho faida ya vitabuni? Kwa sababu Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi iliweka kikomo cha hasara: pauni milioni 105 kwa jumla ya misimu mitatu, na pungufu kwa klabu iliyotumia sehemu ya misimu hiyo daraja la chini. Fedha za kulea vijana hazikuhesabiwa katika hasara hiyo. Hivyo gharama ya kumlea kijana ilitolewa nje ya hesabu, na faida ya kumwuza ikaingizwa yote. Klabu nyingi hufunga hesabu zake Juni 30.

Nottingham Forest ilipanda daraja mwaka 2022. Kikomo chake kilikuwa pauni milioni 61, nayo ilikizidi kwa milioni 34.5. Klabu ilikuwa na mali ya kuziba pengo hilo: Brennan Johnson, mshambuliaji aliyekuwa klabuni hapo tangu utotoni. Forest haikumwuza kabla ya Juni 30, 2023, ikisubiri bei nzuri zaidi. Septemba 1, 2023 ilimwuza kwa Tottenham kwa pauni zipatazo milioni 47.5. Kwa mfanyabiashara wa kawaida huo ni uamuzi mzuri, kwani aliyengoja alipata zaidi. Lakini mwaka wa hesabu ulikuwa umekwisha kufungwa. Tume iliyosikiliza shauri hilo haikukubali kwamba mauzo ya Septemba yafute kosa la Juni. Machi 2024 Forest ilinyang'anywa pointi nne katikati ya vita ya kukwepa kushuka daraja.

Klabu nyingine zilijifunza. Mwishoni mwa Juni 2024 Newcastle United ilimwuza Elliot Anderson, kijana wa eneo hilo hilo aliyelelewa na klabu, kwa Nottingham Forest kwa pauni zipatazo milioni 35. Newcastle ilikuwa ikikimbizana na tarehe, na mauzo hayo yakaiweka ndani ya kikomo. Septemba 2025 Anderson aliichezea timu ya taifa ya Uingereza kwa mara ya kwanza, akiwa na jezi ya Forest klabuni. Miezi aliyokaa Newcastle tangu akiwa mtoto haiwezi kununuliwa tena na Newcastle kwa bei yoyote.

Manchester United nayo Agosti 2024 ilimwuza Scott McTominay, aliyekuwa hapo tangu utotoni, kwa Napoli kwa pauni zipatazo milioni 25. Karibu zote zilikuwa faida ya vitabuni. Msimu huo huo wa 2024/25 Napoli ilitwaa ubingwa wa Italia na McTominay akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kwa Napoli hakuwa na faida yoyote ya kanuni, maana Italia ni mgeni. Walinunua uwezo tu, na waliupata kwa bei ya mtu anayeuza kwa haraka.

Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilipiga kura kuachana na kipimo hicho cha hasara kuanzia msimu wa 2026/27, na badala yake kulinganisha gharama za kikosi na mapato, kikomo kikiwa asilimia 85. Hata hivyo, faida ya kuuza wachezaji bado inahesabiwa katika upande wa mapato. Kishawishi cha kumwuza kijana wa nyumbani hakikuondolewa.

Mahakama nayo imo

Anayewekeza katika bidhaa inayolindwa na sheria aangalie pia kama sheria hiyo itadumu. Desemba 21, 2023, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi iliyoihusu klabu ya Royal Antwerp ya Ubelgiji. Ilisema kanuni za wachezaji wa nyumbani zinaweza kupingana na sheria za Umoja wa Ulaya za ushindani na za uhuru wa wafanyakazi kuhama, ila zikithibitishwa kuwa kweli zinahimiza ulezi wa vijana na hazivuki kipimo, zinaweza kubaki. Kazi ya kupima ilirudishwa kwa mahakama ya Brussels. Kipengele kilicho hatarini zaidi ni kile cha aliyelelewa na klabu nyingine ya nchi, kwa sababu klabu inayonunua mchezaji aliyefundishwa na mwingine haijafundisha mtu.

Sisi tunahusikaje

Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020 akitokea Genk, alikuwa na miaka 27. Ilimbidi achukue moja kati ya nafasi 17 za wageni na kushindana na dunia nzima kwa nafasi hiyo. Hakuwa na njia nyingine.

Kwa vijana wanaomfuata, hesabu ni hii. Kanuni za FIFA haziruhusu kijana wa Tanzania au Kenya kuhamia klabu ya Ulaya kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Dirisha la kulelewa linafungwa mwisho wa msimu anaotimiza miaka 21. Kati ya 18 na 21 ni miezi 36 na ziada kidogo. Kijana anayekwenda mara tu anapotimiza miaka 18 na kubaki nchi moja anaweza kuhesabiwa kuwa wa nyumbani huko kwa maisha yake yote ya soka. Anayechelewa mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya mvutano wa ada au karatasi, atabaki mgeni. Viongozi wa klabu zetu wanaokaa mezani kujadili kijana wa miaka 18 wajue kwamba mnunuzi anahesabu miezi, na kwamba kila mwezi unaopita unapunguza kitu katika bei.

Wajue pia kwamba FIFA inatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Fedha hizo huja kila anapouzwa nje tena akiwa ndani ya mkataba. Zinahitaji kumbukumbu sahihi za usajili tangu utotoni. Klabu isiyoweka kumbukumbu haina cha kudai.

Mambo ya kuangalia

Zipo klabu ambazo hisa zake ziko sokoni: Manchester United katika soko la New York tangu Agosti 2012, Borussia Dortmund tangu 2000, Ajax tangu 1998. Hesabu zake husomwa na mtu yeyote. Anayezisoma, awe na hisa au anajifunza tu, ajiulize haya:

1. Faida ya mwaka imetoka wapi? Tenganisha mapato ya viingilio, televisheni na matangazo na faida ya kuuza wachezaji. Ya kwanza hurudi mwaka ujao. Ya pili huenda isirudi.

2. Waliouzwa walinunuliwa au walilelewa? Faida ya aliyelelewa huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu gharama za ulezi zilikwisha kuandikwa miaka ya nyuma.

3. Mauzo yalifanyika tarehe gani? Mauzo ya siku za mwisho za Juni ni dalili ya muuzaji aliyebanwa, na aliyebanwa hapati bei kamili.

4. Ghalani kumebaki nini? Hesabu wachezaji waliolelewa na klabu walio chini ya miaka 23. Klabu iliyouza wanne na kubakiwa na mmoja imekula mbegu.

5. Je, klabu inacheza mashindano ya Ulaya? Kama ndiyo, kila kijana anayeuzwa anaweza kuondoka na nafasi moja ya orodha. Gharama hiyo haiandikwi popote katika vitabu.

Hilo la tano ndilo wengi husahau. Mhasibu huonyesha kwamba kijana wa nyumbani ana thamani ya sifuri kwa sababu hakununuliwa. Kocha anayetengeneza orodha ya wachezaji 25 mwezi Septemba na kukuta nafasi mbili tupu anajua kwamba hesabu ile haikukamilika. Mwenye duka, shamba au karakana naye akague vitabu vyake: huenda ipo mali aliyoijenga mwenyewe kwa miaka mingi, ambayo haina bei ya manunuzi na kwa hiyo haionekani katika mizania. Aithamini kabla mtu mwingine hajaja kuiulizia.